Hati ya Machi iliyovaa tarehe ya Aprili

Jumanne baada ya Pasaka ya 2024, chai ikiwa bado moto, mhasibu wa kampuni moja ya malori alinipigia simu. "Kijana wangu, kuna hati ya Aprili imejipenyeza kwenye bunda la Machi. Mkaguzi ameiona kabla yangu, na hilo ndilo linaloniuma."

Nikamwambia, "Mama, haiwezekani." Programu ya kufunga yale mabunda niliiandika mwenyewe, na huchagua hati za mwezi kwa kufuata hifadhidata, hati moja baada ya nyingine. Akanijibu kwamba mambo ya hifadhidata ni yangu. Yeye amefungua zipu, ile faili moja iliyobana nyingine ndani yake, kwenye kompyuta yake, ameona safu ya tarehe, na faili moja imeandikwa tarehe 1 Aprili, saa sita na dakika ishirini usiku. Machi ilikwisha saa sita. Basi hiyo imefikaje humo?

Sote wawili tulikuwa na haki. Hati ilikuwa ya Machi kweli, na tarehe iliyoonekana ilikuwa ya Aprili kweli. Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa halikuwa moja. Yalikuwa makosa yangu matatu, kila moja likilifunika lililotangulia, na yote yametokana na jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu hatujawahi kulitazama: ile tarehe ndogo inayokaa ndani ya faili iliyobanwa.

Kazi yenyewe

Kampuni ina godauni Eneo la Viwandani, kando ya Barabara ya Enterprise. Malori hutoka Mombasa, hupita mzani wa Mlolongo, na mengi huingia godauni usiku, maana mchana barabara za Nairobi hazina huruma na lori la ekseli sita. Karani wa zamu hupokea mzigo, dereva hutia sahihi, karani hupiga picha kwa simu ya kazi. Kila mapokezi huacha faili mbili kwenye seva: PDF ya hati iliyotiwa sahihi, na faili ya XML yenye uzito wa kila kontena, muhuri wake na kadhalika. Kila tarehe mosi programu huzikusanya faili za mwezi uliopita, huzibana kwenye zipu moja, na mhasibu humtumia mkaguzi kwa barua pepe.

Mfumo wenyewe hauna makuu. Programu ni ya Python, mistari kama mia mbili, na seva ni ya kukodi.

Kosa la kwanza

Mwanzoni nilifanya wanavyofanya wengi. Nilisoma faili kutoka hifadhini, nikaiita kazi ya writestr ya maktaba ya zipfile, nikaipa jina la faili na data yake, nikaenda zangu. Ukimpa writestr jina tupu namna hiyo, hukuwekea muhuri wa wakati ule ule unaobana. Kwa hiyo bunda la Januari lilipofunguliwa, kila hati ndani yake, hata ya lori lililoingia tarehe mbili, ilikuwa na tarehe ya alfajiri ya Februari mosi. Mkaguzi akauliza kama hati zote ziliandikwa siku moja.

Swali zuri. Mtu aliyezoea kukagua vitabu akiona stakabadhi mia mbili zilizoandikwa kwa kalamu moja siku moja, damu humchemka. Nilimweleza kwamba ile ni tarehe ya kubana, akakubali, lakini akaomba kila faili iwe na tarehe ya mapokezi yake ili aweze kuzipanga na kuzisoma kwa mfuatano. Ombi halali kabisa, na si gumu. Badala ya jina tupu unampa writestr kitu kinachoitwa ZipInfo, na ndani yake kuna date_time: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Unaandika unachotaka.

Hapo kuna mtego mdogo ambao siusamehi. ZipInfo mpya huja ikiwa imewekwa isibane. Hata kama bunda lenyewe umelifungua kwa ZIP_DEFLATED, yaani kwa kubana, writestr husikiliza mpangilio wa ZipInfo, si wa bunda. Faili zikaingia zikiwa nzima nzima. PDF hazikuleta tofauti kubwa kwa kuwa picha za ndani yake zimekwisha kubanwa, ila zile XML zilifura, na bunda la Februari likagoma kutumwa. Gmail huruhusu kutuma viambatisho hadi MB 25 na bunda lilikuwa limevuka. Mstari mmoja wa compress_type ukamaliza hilo. Nilijiona fundi.

Kosa la pili, lililozaa la tatu

Bunda la Februari lilipokubali kutumwa, mhasibu akaniita tena. Lori lililoingia saa tatu usiku, yeye akiwa palepale kwa sababu ya ugomvi wa mzigo uliolowa, zipu ilisema liliingia saa kumi na mbili jioni. Saa tatu zimepotea.

Msomaji wa Nairobi akisikia saa tatu pungufu anajua mara moja. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, mwaka mzima, bila kubadilisha saa wakati wa joto wala baridi. Nikaingia kwenye seva, nikaandika date, ikajibu na kumalizia kwa herufi GMT. Nikatikisa kichwa. Seva iko UTC, msimbo wangu unatumia fromtimestamp ambayo hugeuza sekunde kuwa saa ya mashine husika, kwa hiyo nikaongeza timedelta ya saa tatu juu ya jibu, nikajaribu na faili kumi, zote zikasoma sawa. Nikafunga kompyuta nikaenda kutafuta matatu.

Seva iliyo UTC ingejibu kwa herufi UTC. Ile ilijibu GMT kwa sababu aliyeikodi alichagua kituo cha London, na wakati wa kuisimamisha akachagua saa za eneo za Europe/London. Majira ya baridi London na UTC ni kitu kimoja, huwezi kuzitofautisha ila kwa herufi hizo tatu. Nilizisoma na nikazipita.

Mwaka huo Uingereza ilisogeza saa mbele usiku wa Jumapili ya tarehe 31 Machi, ambayo ndiyo ilikuwa Pasaka. Saa saba usiku ikawa saa nane. Huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri, hakuna aliyehisi chochote. Tangu dakika hiyo seva ilikuwa saa moja mbele ya UTC, na mimi naiongezea tatu. Jumla nne.

Sasa mfuate lori la mwisho la Jumapili ile. Liliingia lango la godauni, na hati yake ikasajiliwa saa tano usiku, dakika 20 na sekunde 43. Kwa UTC ni 20:20:43, na kwa hesabu ya sekunde za Unix, zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970, ni 1711916443. Hifadhidata iliitunza sawasawa. Seva ikaigeuza kuwa 21:20:43 ya London. Msimbo wangu ukaongeza tatu: 00:20:43, tarehe 1 Aprili. Hati zote za Jumapili baada ya alfajiri zilikuwa zimesogezwa saa moja, lakini nyingine zilibaki ndani ya tarehe 31 na hakuna aliyezitilia shaka. Hii moja ndiyo iliyoruka ukuta. Bila lori hilo lililochelewa, ningeendelea kumpa mkaguzi saa za uongo hadi Oktoba, London iliporudi nyuma, kisha ningesema mfumo umejirekebisha wenyewe.

Saa isiyo na mahali

Ili kuona kwa nini zipu haikunizuia, lazima uifungue hadi kwenye baiti. Muundo wa zipu ulitolewa na Phil Katz na kampuni yake ya PKWARE mwaka 1989, enzi za DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, na ulichukua tarehe ya DOS jinsi ilivyo. Tarehe ni biti 16: mwaka biti 7 zikihesabiwa kuanzia 1980, mwezi biti 4, siku biti 5. Wakati nao ni biti 16: saa biti 5, dakika biti 6, zikabaki 5 kwa sekunde. Biti 5 haziwezi kuhesabu hadi 59, kwa hiyo sekunde hugawanywa kwa mbili na nusu hutupwa. Ndiyo maana sekunde 43 ya lori letu ndani ya zipu ni 42, na ndiyo maana kijana ninayefanya naye kazi, alipoandika programu ndogo ya kulinganisha zipu na hifadhidata, alinikimbilia akisema karibu nusu ya faili "zina hitilafu". Hazina. Kila sekunde witiri hushushwa.

Miaka inaishia 2107, na kabla ya 1980 hakuna kitu. Simu moja ya kazi iliwahi kuzimika betri ikaamka ikidhani ni 1970, na bunda zima likakataa kufungwa, Python ikitoa ValueError kwamba zipu haiwezi kubeba tarehe za kabla ya 1980. Kuna swichi ya strict_timestamps, iliyoingia Python 3.8, inayoweza kuzisukuma tarehe hizo hadi 1980 kimyakimya, ingawa husaidia tu ukibana faili kutoka diskini, si kwa njia ya ZipInfo. Hata ingesaidia nisingeitumia. Hati yenye tarehe ya 1980 ni bora ikwame mlangoni.

Lakini kiini kiko hapa: katika biti hizo 32 hakuna hata moja inayosema saa hii ni ya wapi. Si UTC, si Nairobi, si London. Ni saa tupu, kama saa ya ukutani iliyopigwa picha bila ukuta. Anayefungua huichukua kama saa yake, popote alipo.

Nilipokuwa nalitafakari hili nilikumbuka jinsi sisi wenyewe tunavyosema usiku. Ukimwambia mtu "usiku wa Jumatatu" anaweza kukuuliza upi, ndipo unasema "usiku wa kuamkia Jumatatu", na ubishi umekwisha. Lugha imeshaona kwamba saa bila nanga ni chanzo cha ugomvi. DOS haikuona. Ilikuwa ya kompyuta moja mezani kwa mtu mmoja, na mtu huyo alijua yuko wapi.

Uchunguzi

Nilianza kwa kutazama baiti. Ndani ya kila zipu, tarehe ya faili imeandikwa mara mbili: kwenye kichwa kilicho mbele ya data ya faili yenyewe, na tena kwenye orodha kuu iliyo mwishoni mwa bunda. Katika kichwa cha mbele, ukihesabu kuanzia sifuri, wakati uko kwenye baiti ya 10 na 11, tarehe kwenye ya 12 na 13. Faili yetu ilikuwa na 95 02 81 58. Zipu hutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo geuza: wakati 0295, tarehe 5881. Ya pili ni 1 Aprili 2024, ya kwanza ni 00:20:42. Ingekuwa sahihi ningeona 95 BA 7F 58. Nilipenda kuona kwamba ile 95 haikuguswa. Hubeba sekunde pamoja na biti tatu za chini za dakika, na kosa langu lilikuwa la saa kamili.

Kisha nikabana faili hiyohiyo kwa mkono, kwa amri ya kawaida ya zip ya Linux, nikaitazama kwa zipinfo -v. Hapo nikaona mistari zaidi ya tarehe mahali Python ilipoweka mmoja. Iliyoongezeka ilikuwa ikitoka kwenye sehemu ya ziada yenye alama 0x5455, ambayo ukiisoma kama herufi ni UT. Ndani yake kuna sekunde za Unix, zinazohesabiwa kwa UTC. Kumbe dawa ya saa isiyo na mahali ilishatengenezwa zamani, na amri ya zip huiweka bila kuombwa. Maktaba ya zipfile ya Python haiiweki. Lazima uijaze mwenyewe.

Kijana wetu alipendekeza njia nyingine: tusiguse ZipInfo, tuitoe faili diskini, tuipe tarehe kwa os.utime, halafu tuibane kwa write ya kawaida. Inavutia, ila write nayo huichukua tarehe ya diski na kuipitisha kwenye time.localtime, yaani London ileile. Unazunguka mlima kurudi mtoni.

Ushahidi wa mwisho haukutoka kwenye kompyuta. Mzee wa lango la godauni ana kitabu chake cha mistari, cha mkono, na nilikwenda kukiona. Alinifungulia ukurasa wa Jumapili ya Pasaka: nambari ya lori, nambari ya trela, na "5.15 usiku". Saa tano na robo aliliona langoni, dakika tano baadaye karani akalisajili. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, umeniokoa," naye akaniuliza kama kompyuta ndiyo imeharibika au mimi. Nikasema mimi. Nilipomtumia mkaguzi picha ya ukurasa ule, msaidizi wake aliuliza mbona kitabu kinasema saa tano na PDF inasema ishirini na tatu. Nairobi hii, watu wawili wanaweza kusoma saa ileile kwa lugha mbili wakatofautiana saa sita, na wote wakawa wamefika kazini kwa wakati.

"Si uibadilishe tu?"

Sehemu hii haina msimbo, na ndiyo iliyonichosha zaidi. Baada ya kujua hati ni ya Machi bila shaka, mhasibu alisema jambo ambalo mtu yeyote mwenye haraka angelisema. "Si uibadilishe tu iwe thelathini na moja, nimtumie tena, yaishe? Si uongo, ndiyo kweli yenyewe."

Ningeweza. Baiti nne mbele, nne nyuma. Na hakuna kitu ndani ya zipu ambacho kingelalamika, kwa sababu ile CRC-32, namba ya kuhakiki inayolinda kila faili, huhesabiwa kwa yaliyomo tu. Vichwa haviguswi. Ukibadilisha tarehe, zipu hufunguka, hukaguliwa, husema kila kitu ni salama. Kitu pekee kinachobadilika ni alama ya SHA-256 ya bunda zima, namba inayokokotolewa kutoka baiti zake zote, na hiyo inakusaidia tu ikiwa kuna mtu mwingine aliyeiandika mahali kabla.

Nilimwambia Mama kwamba kweli ni kweli, lakini mkaguzi tayari anayo zipu ya Machi kwenye barua pepe yake. Akipata ya pili yenye jina lilelile na tarehe tofauti, bila maelezo, atauliza nani ameigusa, na jibu litakuwa sisi. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi andika barua wewe, mimi nitaweka sahihi."

Mkaguzi naye, alipoisoma barua, aliuliza swali ambalo ningemsifu nalo hadharani: kama programu yako inaweza kuweka tarehe yoyote unayotaka, kwa nini niiamini hii mpya? Jibu langu lilikuwa asiiamini. Tarehe ya ndani ya zipu ni kibandiko alichobandika mfungaji. Inasaidia kupanga, inasaidia kutafuta. Kwa ushahidi, aende kwenye rekodi ya hifadhidata, kwenye hati yenye sahihi ya dereva, kwenye kitabu cha mzee wa lango. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, kwa rekodi za kielektroniki inataka cheti cha mtu anayewajibika na mashine, kinachoeleza rekodi ilivyotengenezwa. Hicho hakitoki kwenye biti 32 za DOS.

Naona wenzangu wengi wanaogopa kuweka tarehe kwa msimbo kana kwamba ni kughushi, na wengine hawaogopi chochote. Kwangu mpaka uko wazi: ukiweka tarehe unayoweza kuionyesha ilikotoka, na ukasema umeiweka, unapanga kabati. Usipoweza kuionyesha, hata kama ni sahihi kwa bahati, usiiweke.

Ukarabati

Kwanza tuliamua maana, ndipo tukaandika. Tarehe ya DOS itakuwa saa ya Nairobi, kwa kuwa mhasibu, karani na mkaguzi wote wako hapa na programu zao nyingine huonyesha hiyo tu. Sehemu ya UT itabeba sekunde za kweli, kwa yeyote atakayefungua mahali pengine. Kijana wetu alitaka DOS iwe UTC kwa usafi wa nadharia. Nilimuuliza ni nani atakayemweleza Mama, akakubali Nairobi.

```
import struct, zipfile
from zoneinfo import ZoneInfo

NAIROBI = ZoneInfo("Africa/Nairobi")

def weka(bunda, jina, data, wakati):
    if wakati.tzinfo is None:
        raise ValueError("wakati hauna mahali: " + jina)
    hapa = wakati.astimezone(NAIROBI)
    faili = zipfile.ZipInfo(jina, date_time=hapa.timetuple()[:6])
    faili.compress_type = zipfile.ZIP_DEFLATED
    faili.create_system = 3
    faili.external_attr = 0o644 << 16
    faili.extra = struct.pack("<HHBi", 0x5455, 5, 1,
                              int(wakati.timestamp()))
    bunda.writestr(faili, data)
```

Mstari ninaouthamini ni ule wa tzinfo. Wakati usio na mahali ukipewa astimezone, Python haikatai. Hudhani ni saa ya mashine inayoendesha, na umerudi London bila kujua. Afadhali programu ipige kelele. Saa za eneo zimetajwa kwa jina, Africa/Nairobi, wala si kwa kuongeza tatu. Kwetu matokeo ni yaleyale leo, lakini msimbo unasema unachokusudia, na anayeusoma kesho hatadhani tatu ile ni ya bahati. Maktaba ya zoneinfo imo ndani ya Python tangu 3.9. Kwenye Windows utahitaji kusakinisha tzdata pembeni. Ile i ya mwisho ni namba ya biti 32 yenye alama, ambayo itaishiwa Januari 2038. Nimeiandika kwenye daftari la kazi na nimemwachia kijana, umri unamruhusu.

Jaribio nalo lilikuwa na raha yake. Faili hupangwa kwa jina kabla ya kubanwa, kisha bunda lilelile hufungwa mara tatu, mashine ikidanganywa iko UTC, London, halafu Auckland, kwa kubadilisha TZ, mpangilio wa saa za eneo za mashine. Alama za SHA-256 zikilingana zote tatu, saa ya mashine haina tena neno ndani ya bunda. Zililingana kwangu. Kwa kijana, kwenye Windows yake, hazikulingana, tukapoteza saa nzima hadi tukagundua ZipInfo huandika pia aina ya mfumo iliotengenezwa: 0 kwenye Windows, 3 kwenye Linux. Ndiyo sababu ya create_system pale juu.

Anayetumia lugha nyingine asidhani ameepuka. Katika Java, setTime ya ZipEntry hutumia saa za eneo za mashine yenyewe. Tangu Java 9 kuna setTimeLocal, ambayo huipa zipu saa tupu bila kuigeuza. Go, tangu toleo la 1.10, ukijaza Modified huandika DOS kwa eneo ulilolitaja na UT pamoja, jambo ambalo Python ingefaa kuliiga. Tar na gzip hawana ugonjwa huu, maana wote wawili hutunza sekunde za Unix. Mkaguzi anataka zipu, kwa hiyo zipu ndiyo anayopata.

Bunda jipya la Machi lilitumwa na jina jipya, barua, picha ya kitabu cha lango, na orodha ya faili zilizobadilika tarehe pamoja na tarehe zake za zamani. La kwanza liko palepale kwenye seva, halikuguswa. La Februari, ambalo msimbo wa kuongeza tatu uliliweka sawa kwa bahati ya baridi ya London, tuliliangalia faili kwa faili tukaliacha. La Januari bado linaonyesha kila hati ikizaliwa alfajiri ya Februari mosi. Nilitaka kulifunga upya, mkaguzi akakataa: amekwisha kuliweka sahihi kama lilivyo.